Vitabu vitano vya upelelezi kwenye rafu yetu Lubumbashi: uchukue kipi?

Jumamosi iliyopita, karibu na saa za kufunga, dada mmoja aliingia dukani kwetu akitokea sokoni, mfuko wa unga begani. Akaniambia: "Yaya, unipatie kitabu ya bapolisi, lakini isikuwe ya kunikatazaka usingizi." Nikamwekea vitano mezani. Akashika hiki, akakiacha, akashika kile, akasoma nyuma ya jalada, akaniuliza: "Sasa njo gani?" Nikaanza kumsifia vyote kwa pamoja. Akacheka, akaniaga, akaondoka mikono mitupu.

Alikuwa na haki. Mtu aliyesimama mbele ya vitabu vitano na pesa ya kimoja hahitaji kuambiwa kwamba vyote ni vizuri. Anahitaji kuambiwa vinatofautianaje. Kwa hiyo nimekaa na wenzangu wa dukani, tumevipanga upande kwa upande, na hapa naandika tulichokubaliana na tulichobishania.

Nivitaje kwanza. Kuna Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58. Kuna Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba wa Tanzania, cha 1979. Kuna L'Empreinte du renard cha Moussa Konaté wa Mali, cha 2006. Kuna La Belle de Casa cha In Koli Jean Bofane, mwana wa Mbandaka, cha 2018. Na kuna Ma sœur, serial killeuse cha Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, kilichoandikwa kwa Kiingereza mwaka huohuo wa 2018 na kufasiriwa kwa Kifaransa 2019. Hivi viwili vya mwisho ni vya juzi. Vile vitatu vina umri, lakini hapa kwetu ni vigeni kabisa. Vya Kiswahili vilikuja ndani ya mfuko wa mwenzetu aliyekwenda Dar es Salaam na kurudi kwa barabara, Tunduma, Zambia nzima, hadi Kasumbalesa.

Kila mmoja wetu ana chake. Mwalimu mstaafu anayekaa nasi asubuhi hataki kusikia kingine zaidi ya Mzimu. Aliyevileta vitabu kutoka Dar anamtetea Musiba. Binti anayesaidia siku za Jumamosi, ambaye anasomea uuguzi, amekwisha kusoma Ma sœur mara mbili. Mimi ni wa Konaté, ingawa Bofane ndiye ninayemrudia nikitaka kusikia sentensi nzuri. Nasema haya mapema ili msomaji ajue mizani yangu imeinamia wapi.

Tumevipima kwa nini

Tulianza na vipimo vingi, tukabaki na vitano. Cha kwanza ni swali ambalo kitabu kinakutia moyoni, maana riwaya ya upelelezi haina injini nyingine. Cha pili ni lugha: Kiswahili gani, Kifaransa gani, na je, utahitaji msaada? Cha tatu ni mwendo. Cha nne ni damu, yaani mambo ambayo pengine hutaki yaingie nyumbani mwako kwa sasa. Cha tano ni mahali, kwa sababu wasomaji wetu wengi huuliza, "Inatendeka wapi?" kabla ya kuuliza inahusu nini.

Wauaji sitawataja. Msiogope kuendelea.

Swali linalokuvuta

Watu husema hadithi ya polisi ni ileile siku zote: maiti, mpelelezi, mwizi, mwisho. Ukiviweka hivi vitano pamoja unaona si kweli. Kila kimoja kinauliza swali lake.

Mzimu kinauliza lile la zamani: nani? Mtu mwenye mali anakutwa amekufa mahali pa mzimu, pale ambapo watu wa mashamba hawapitipiti ovyo. Wenye sababu ya kumtaka afe si mmoja. Inspekta Seif wa polisi anaona jambo moja, na Bwana Msa, raia tu mwenye kiko mdomoni na subira isiyokwisha, anaona lingine. Ukipenda kushindana na mwandishi, ukakunja ukurasa na kusema "namjua", hiki ndicho kimeandikwa kwa ajili ya mashindano hayo. Vidokezo vipo mbele ya macho yako, na mwalimu wetu anaapa havina ulaghai.

Kikosi cha Kisasi hakijali sana fumbo. Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania, anatumwa Kinshasa kwa sababu ya mauaji yanayowalenga wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Swali ni moja tu: atatokaje humu? Anaingia chumba ambacho hakupaswa kuingia, mlango unafungwa nyuma yake, na wewe unageuza ukurasa.

L'Empreinte du renard ndicho kilichonikamata mimi, na nitakaa nacho kidogo. Komishna Habib na msaidizi wake kijana, Sosso, wanatoka Bamako kwenda nchi ya Wadogon, kule kwenye miamba ya Bandiagara, kwa sababu vijana wanakufa mmoja baada ya mwingine. Yote yanaanza na marafiki wawili wanaopambana juu ya mwamba kwa jambo la heshima. Polisi wanapofika, kijiji kinawapokea kwa adabu zote: maji yanaletwa, salamu ndefu zinatolewa, na hakuna anayesema kitu. Kila mtu anajua. Swali la kitabu si nani aliyeua bali kwa nini kimya hiki, na je, sheria ya serikali ina maneno yoyote ya kumwambia mzee ambaye kwake sheria ni ile ya mababu?

Nilipokisoma mara ya kwanza nilikumbuka matanga ya mjomba wangu. Watu walikaa uani siku tatu, kila mmoja akijua ugomvi wa kiwanja ulivyokuwa, na mgeni yeyote aliyeuliza alipewa kiti, akapewa chakula, akaambiwa, "Ni mapenzi ya Mungu." Konaté ameandika kimya cha namna hiyo, na amekiandika bila kumdharau mzee wala polisi. Habib anakasirika, lakini haachi kusikiliza. Wapelelezi wenye kusikiliza hivyo ni wachache katika vitabu.

La Belle de Casa kinamweka maiti ukurasani mapema pia. Ni Ichrak, binti mzuri wa mtaa wa kawaida wa Casablanca, na anayemkuta asubuhi ni Sese Tshimanga, kijana wa Kinshasa aliyekuwa akielekea Ulaya akaishia kushushwa Moroko. Komishna Daoudi anachunguza, Sese naye anachunguza kwa njia zake, lakini kadiri unavyosoma, swali la "nani aliyemuua" linageuka kuwa "Ichrak alikuwa nani?" Kila mwanamume wa mtaa alimtaka, kila mtu ana hadithi yake juu yake, na baba yake mwenyewe hajulikani. Ukitaka jibu la haraka utachoka. Ukitaka kuujua mji mzima kwa njia ya mtu mmoja aliyekufa, hapa umefika.

Na Ma sœur kinageuza mchezo juu chini. Muuaji unamjua kuanzia mwanzo: ni Ayoola, mdogo mtu, mzuri kama picha. Anampigia simu dada yake Korede usiku: amemuua mpenzi wake. Ni wa tatu sasa. Korede ni muuguzi, na anajua kusafisha. Anakuja na javel, ile dawa ya kuondoa madoa, anasugua sakafu ya bafu, anachungulia pembe ambako damu hupenda kujificha, na maiti inaondolewa na kwenda kutupwa majini kutoka kwenye daraja refu la Lagos. Binti wetu wa Jumamosi alinisomea sehemu ile akiwa ameshika dasta ya kufutia rafu. Alisimama katikati ya sentensi akasema, "Nami ningesafisha hivihivi." Halafu akanyamaza. Hilo ndilo swali la kitabu: damu ni nzito kuliko maji, sawa, lakini uzito huo utaubeba hadi wapi? Linakuwa gumu zaidi pale daktari ambaye Korede anampenda kimoyomoyo anapomwona Ayoola.

Lugha

Hapa ndipo wateja wetu wanapokosea mara nyingi, kwa pande zote mbili. Wengine hudhani Kiswahili lazima kiwe rahisi kwa kuwa ndicho tunachoongea. Wengine hudhani kitabu cha maana lazima kiwe cha Kifaransa kwa kuwa ndicho tulichosomea.

Kiswahili cha Mzimu ni cha Unguja, cha mtu aliyekulia ndani yake. Kimejaa misemo, mizaha, maneno ya kanzu na baraza na mashamba ya karafuu. Sisi tunaosema "kitabu ya muzuri" na "batoto banacheza" tunakisoma kama mtu anayesikiliza shangazi wa mbali: unamwelewa, lakini unainamisha sikio. Mwalimu alitusomea kurasa mbili kwa sauti. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimepotea hapa na pale. Wa pili nilikuwa nimezoea. Ushauri wake ni mzuri na ninaurudia: sura mbili za kwanza zisome kwa sauti, ikiwezekana na mtu mwingine, wala usikimbilie kamusi kwa kila neno. Hadithi yenyewe itakufafanulia. Mwenye kutaka watoto wake wajue kwamba Kiswahili kimekuwa na wapelelezi wake kwa miaka zaidi ya 60 ana sababu tosha ya kujaribu. Na akipenda, Bwana Msa anaendelea katika vitabu vingine, kama Kisima cha Giningi cha 1968 na Siri ya Sifuri cha 1974.

Musiba ni mwepesi zaidi. Ni Kiswahili cha Tanzania bara, kilichonyooka, karibu na kile tulichozoea kusikia redioni. Sentensi zinakwenda mbio na mwandishi hapambi. Mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu kizima kwa Kiswahili aanze hapa.

Upande wa Kifaransa, Konaté ni safi kama maji ya kuchujwa. Mazungumzo mengi, maelezo machache, maneno ya shule. Mwanafunzi wa sekondari ataweza. Kifaransa cha Ma sœur ni cha tafsiri, sentensi fupifupi, na kinasomeka bila shida. Kinachopotea kidogo ni ladha ya mazungumzo ya Lagos, jambo lisilokwepeka.

Bofane ni mwingine kabisa. Sentensi zake ni ndefu, zinapinda, zinakuchekesha halafu zinakuchoma. Chergui, upepo wa joto wa Moroko, unavuma katika kurasa kana kwamba nao ni mtu wa kitabu. Kinshasa inasikika kinywani mwa Sese hata akiwa katikati ya Waarabu. Kwa mwenye Kifaransa kilichokomaa hii ni karamu. Kwa anayejifunza bado, ni mlima, na sipendi kumuuzia mtu mlima akidhani ni uwanja.

Mwendo

Vinavyokwenda mbio kuliko vyote ni viwili, kwa namna tofauti. Kikosi kinakimbia kwa matendo: magari, bastola, kufukuzana. Ma sœur kinakimbia kwa umbo lake: sura ni fupi mno, nyingine hazijazi ukurasa. Huku kwetu umeme hukatika bila kuaga, na wengi husoma kwa tochi ya simu. Kwa hali hiyo sura fupi ni neema: unaimaliza kabla betri haijakulilia, na unalala ukijua ulipoishia.

Mzimu kinakwenda kwa hatua za mtu mwenye kiko. Kuna kuuliza, kukaa, kufikiri, kurudi. L'Empreinte kinaanza polepole, na robo ya kwanza inahitaji uvumilivu kwa sababu mwandishi anakutembeza kijijini kwanza. Baada ya hapo hutakiweka chini. La Belle hakina haraka na hakijifichi. Kinaacha uchunguzi kando, kinakwenda kumtazama tajiri wa viwanja, kinakwenda kwa wahamiaji, kinarudi. Wapo waliokirudisha dukani kwa sababu hiyo, na wapo walionishukuru kwa sababu hiyohiyo.

Kwa urefu havitishi. Vile vya Kifaransa havifiki kurasa 300, na Mzimu ni chembamba, cha kuingia mfuko wa koti.

Damu, na mengine ya kujua kabla

Mzimu ni salama kwa nyumba yoyote. Kuna maiti, kuna hofu kidogo ya mahali penyewe, basi.

Kikosi kina mauaji mengi ya risasi, lakini ya harakaharaka, kama sinema. Kinachonisumbua mimi ni wanawake wake: wengi wapo ili kumpenda Willy au kumtega. Ni kitabu cha wakati wake. Mwenzetu aliyekileta anasema vijana wanapaswa kukisoma wakijua hivyo, na ninakubaliana naye, lakini mpe kijana wako na muongee baadaye.

L'Empreinte kina vifo visivyoelezeka kirahisi, na kinagusa uganga, ramli ya mchangani ambako nyayo za mbweha aliyepita usiku husomwa kama utabiri, na nguvu za wazee. Nyumba iliyo katika msiba, hasa msiba ambao watu tayari wameanza kunong'ona juu ya ulozi, ningeiambia isubiri. Najua maneno ya namna hiyo yanavyoweza kuvunja ukoo.

La Belle kina tamaa za kimwili zilizosemwa waziwazi, na jeuri dhidi ya wanawake. Ni cha watu wazima.

Ma sœur kinachekesha, na hilo huwashangaza wanaosoma jalada tu. Lakini chini ya kicheko kuna baba mkali aliyewapiga mabinti zake, na kisu chake bado kimo nyumbani. Aliyekulia katika nyumba ya kipigo ajue hivyo kabla ya kufungua. Binti wetu wa uuguzi anasema ni kwa sababu hiyo hasa alikisoma mara ya pili.

Mahali

Kinshasa ya Kikosi ni ya enzi ya Zaire, ikitazamwa na mtu wa Dar es Salaam. Sisi wa Lubumbashi tuko zaidi ya kilomita 1500 kutoka huko, na wengi wetu hatujawahi kufika, kwa hiyo ni furaha ya pekee kuona mji mkuu wetu ukielezwa kwa Kiswahili, na mgeni, katika miaka ambayo Zimbabwe ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Wazee wanaokumbuka wakati ule watakuwa na ya kuongeza.

Casablanca ya Bofane iko mbali kwenye ramani lakini karibu kwenye simu zetu. Kila mtaa wa Kenya, Katuba au Ruashi hapa Lubumbashi una familia yenye mtoto aliyeondoka kwenda Ulaya na ambaye sasa anapiga simu kutoka mji ambao haukuwa kwenye mpango. Sese ni huyo. Mama mmoja alikinunua kwa ajili ya jina la mji tu, kwa sababu mwanawe yuko huko, na aliporudi hakuzungumza juu ya muuaji hata kidogo. Alizungumza juu ya chumba wanacholala wahamiaji.

Bandiagara imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1989, na Konaté anaielewa kama mtu anayejua kwamba watalii huja, hupiga picha na kuondoka, na kijiji kinabaki na mambo yake. Lagos ya Braithwaite ni ya hospitali, foleni za magari, na nyumba kubwa yenye siri. Zanzibar ya Bwana Msa ni ya kabla ya mapinduzi ya 1964, na kwa hilo peke yake ina thamani.

Kabla ya kulipa

Hili halimo katika vipimo lakini limeniumiza. Miaka iliyopita nilinunua kitabu cha upelelezi kilichotumika, mezani pa muuzaji wa barabarani, nikakisoma siku mbili mfululizo. Komishna akawakusanya wote sebuleni, akasema, "Muuaji yumo humu," nikageuza ukurasa, na hapakuwa na ukurasa. Kitita kizima cha mwisho kilikuwa kimeng'oka, kurasa kumi na sita. Hadi leo simjui.

Vitabu vya zamani vya Kiswahili hasa hutufikia vikiwa vimepita mikono mingi. Kwa hiyo, ukinunua kwetu au kwa mwingine yeyote, fungua mwisho bila kusoma, tazama namba za kurasa tu: zinafuatana? Kisha shika kitabu kwa mgongo ukitikise taratibu. Karatasi ikicheza, gundi imekufa. Na chungulia katikati, kwa sababu wakati mwingine kitita kimoja kimeingia mara mbili na kingine hakipo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Basi, uchukue kipi

Kama hujawahi kumaliza riwaya kwa Kiswahili na unataka kujaribu, chukua Kikosi cha Kisasi. Ukishazoea, nenda kwa Bwana Msa. Kama wewe ni mwalimu, au una mzee nyumbani anayependa kubishana na kukisia, anza na Mzimu moja kwa moja, na kisomwe kwa sauti jioni.

Kama unasoma Kifaransa cha shule na unataka kukiimarisha bila kuteseka, L'Empreinte na Ma sœur vyote vinafaa. Tofauti ni hii: cha kwanza kwa anayevutwa na mila, wazee, kijiji na swali la sheria, cha pili kwa anayevutwa na mambo ya ndani ya nyumba, dada na mdogo wake, mapenzi na uongo. Wenye kazi za zamu, wauguzi, walinzi, madereva wanaosubiri mizigo mpakani, wamekipenda Ma sœur kwa sababu ya sura zake fupi.

Kama unapenda lugha kuliko fumbo, na unaweza kukaa na kitabu wiki mbili, La Belle de Casa. Usikichukue kwa safari ya basi.

Kama ni zawadi kwa mtu usiyemjua vizuri, ogopa La Belle na Ma sœur, chukua Konaté au Abdulla. Kama ni zawadi kwa kijana wa kiume asiyesoma kabisa, Musiba, bila kufikiri mara mbili. Kama mnasoma kikundi na mnataka ugomvi mzuri baada ya kitabu, Ma sœur: hamtakubaliana juu ya Korede, na wanawake na wanaume hawatabishana kwa namna ileile.

Na dada wa Jumamosi, aliyetaka cha bapolisi kisichomkataza usingizi: nimekuwekea viwili chini ya meza, Mzimu na L'Empreinte, vyote vimekaguliwa hadi ukurasa wa mwisho. Njoo usome ukurasa wa kwanza wa kila kimoja ukiwa umekaa, kiti kipo. Utakaotaka kuugeuza ndio utakaokwenda nao nyumbani.